Mtu Aliyetapika Mbele ya Mkutano

Alikuwa anatema mate. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mema yake nitakuwa nimedanganya, na yeye alichukia uongo kuliko alivyochukia nzi. Bwana Afya wa kijiji chetu, mtu aliyeletwa na serikali atufundishe usafi, alitema mate kila alipomaliza kusema jambo lililomuudhi, na mambo mengi yalimuudhi. Alitema kando ya njia, alitema nyuma ya zahanati, na siku moja alitema kwenye maua ya kanisa. Katekista aliona akageuza shingo. Kisha Bwana Afya alitoa leso nyeupe iliyopigwa pasi, akapangusa midomo taratibu kama mtu aliyetoka kula karamu.

Nilikuwa msichana wa darasa la saba na nilimwona mchafu. Nilimwona pia kuwa ndiye mtu pekee aliyeuona uchafu wetu kama nilivyouona mimi. Mambo hayo mawili hayakai vizuri pamoja. Aya hii nimeiandika na kuifuta hata karatasi ikatoboka, na bado hayajakaa.

Uso wake ulikuwa umekaa tayari kuchukizwa. Pua ilitangulia kuingia nyumbani, halafu fimbo, halafu yeye. Hakuwa akipiga watu kwa fimbo ile. Aliinulia vifuniko vya vyungu, ili vidole vyake visiguse. Mama alimwogopa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

"Mama, sufuria hii imelala na nini?"

"Imelala na maharage, Bwana Afya."

"Imelala na nzi. Maharage yalikuwa wageni tu."

Mama aliinamisha kichwa. Baba, aliyekuwa nje akinoa jembe, alicheka peke yake, akajifanya anakohoa. Jioni ile nilisugua sufuria kwa majivu mpaka kucha zikaniuma. Hata sasa nanawa mikono mpaka ngozi inapasuka, na katika baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba mikono iliyopasuka ni adhabu. Hilo nimelipata kwake. Mume wangu ananiambia niache. Siachi.

Alikuwa na maswali matatu, na aliyatoa kama mtu anayegonga debe: "Nani? Wapi? Ulimwona?" Ukimwambia habari yoyote ya kutisha kuhusu chakula, debe linagongwa. Wanawake kisimani walisema mjamzito akila yai, mtoto atazaliwa hana nywele. Alisimamisha baiskeli.

"Nani?"

"Watu wengi, Bwana Afya."

"Watu wengi hana jina. Nitajie mmoja."

Walisukumana viwiko. Naye akavua kofia, upara wake ukang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta. "Mama yangu hakuwahi kula yai maisha yake yote," alisema. "Haya, nielezeni hiki." Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Yeye hakucheka. Alitema mate, akapanda baiskeli.

Lakini msimfanye malaika. Yeye mwenyewe alikuwa na hofu zake, na hizo hakuzigongea debe. Aliamini soda inakula mifupa. Alipoona chupa ya soda kwenye harusi alikunja uso kama ameona nyoka. Baba, ambaye hakuwa na adabu kubwa kwa watu wa serikali, alimwuliza kwa sauti ya upole: "Nani, Bwana Afya? Wapi? Ulimwona?" Watu wakasogea wasikie. Alijibu kwamba kuna mambo ambayo mtu mwenye akili anayajua bila kuambiwa, akaondoka kabla ya pilau. Vivyo hivyo dagaa. Aliwahimiza kina mama wakaushe dagaa wa Kirando, wawatwange, wawatie katika uji wa watoto, na alisema kweli. Yeye mwenyewe hakuwala. "Wana macho," alisema. Nilikuwa na umri wa kutosha kuona kwamba hiyo haikuwa sababu, na nilifurahi vibaya kugundua kwamba mtu mkubwa anaweza kuwa mjinga upande mmoja na mwerevu upande mwingine.

Nieleze kidogo juu yangu, nisije nikaonekana nasema kutoka juu. Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nilichosoma baada ya hapo nilisoma peke yangu, kutoka vijitabu vya kisomo cha watu wazima na magazeti yaliyofungiwa chumvi dukani. Habari nyingi nilizijua nusu, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa imefungiwa chumvi ya mtu mwingine. Labda ndiyo maana nina hofu kubwa ya kusema jambo nisilolijua lote. Na labda ndiyo maana sijamsahau.

Sasa maziwa.

Ulikuwa mwaka tuliohamishiwa kijijini, barabara ya kwenda Chala. Nyumba zilikuwa mpya, udongo haujakauka, na mahindi yetu yalibaki kwenye matuta ya zamani, mbali, yakaliwa na nguruwe pori. Ufipa ni nchi ya mahindi na ulezi. Hatukuzoea kuomba chakula, na aibu ya kuomba ilikuwa na ladha yake mdomoni. Mdogo wangu, Yustina, aliugua surua, akapona, halafu hakupona. Miguu ilivimba, nywele zikawa nyekundu na laini kama za mahindi machanga. Hakulia tena. Mganga wa zahanati alimtazama akasema ni kwashakoo, apewe maziwa.

Maziwa yalikuja katika magunia ya karatasi, yakiwa unga. Hatukuwahi kuona maziwa ya unga. Shuleni waliyatia katika uji wetu, na sitasema yalikuwa matamu. Yalinuka kama nguo iliyoanikwa ikiwa na sabuni. Yakipoa yalifanya madonge, na madonge yale yalishika kwenye meno. Nilikunywa nikiwa nimefumba macho. Nilikunywa kwa sababu nilikuwa na njaa.

Maneno yalianzia kwenye baraza la duka la kijiji, palipokuwa na fundi cherehani. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenishonea sketi ya shule. Lakini cherehani hufanya kazi kwa mguu na mkono, mdomo hubaki bure. Alisema unga ule ni mifupa iliyosagwa. Alisema huko unakotoka wanawapa nguruwe. Na alisema, akiuma uzi, kwamba ndani yake mmetiwa dawa: msichana akinywa, tumbo lake linakauka kama kibuyu. Wasichana wa Kirando walikuwa wamekwisha kauka.

Sijui kama mwanamume anaweza kuelewa maneno hayo yalivyotuingia. Mwezi ule damu yangu haikuja. Leo najua njaa inafanya hivyo. Wakati ule nilijua jambo moja tu: nilikuwa nimekunywa. Nililala nimejishika tumbo nikihisi linatoa sauti ya kitu kitupu. Sikumwambia mtu. Nilijichukia kuanzia kooni kwenda chini, kila mahali ambapo maziwa yale yalipita.

Bwana Afya alifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Alikwenda Kirando. Aliteremka kule ziwani kwa lori la wachuuzi wa samaki, akakaa siku kadhaa, akarudi akinuka dagaa na amekasirika. Alisimama mbele ya cherehani.

"Kirando wanasema wasichana waliokauka ni wa Mwazye," alisema. "Nikamkuta mtu wa Mwazye mjini Sumbawanga. Anasema kwao hakuna, lakini wamesikia yametokea huku, barabara ya Chala. Kwa hiyo waliokauka ni sisi. Haya, wako wapi? Wasimame niwaone."

Fundi hakuacha kukanyaga. "Wakubwa wamekuficha, Bwana Afya. Wewe mshahara wako unatoka kwao."

Alitema mate kwenye vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani. Lilikuwa kosa. Kwa mate yale alipoteza nusu ya watu ambao safari ya Kirando ingempatia.

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Mwenyekiti alisema neno lake, mganga wa zahanati akasema lake, na pipa la maziwa yaliyokorogwa likawekwa katikati. Mama alikaa mbele, Yustina mapajani, kikombe cha bati mkononi. Kisha mzee mmoja akasimama, akatukumbusha tunachokijua sote. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Mwanamke akipika pombe ya ulezi, yeye ndiye huchota kata ya kwanza na kuinywa mbele ya wageni, wamwone amemeza. Akikataa, hakuna atakayegusa chungu, hata awe dada yako. Si matusi. Ni adabu.

"Bwana Afya," alisema mzee, "wewe ndiye uliyetuletea. Onja."

Nilikuwa karibu, nikauona uso wake. Nilidhani ameudhika. Sasa najua alikuwa anaogopa.

"Haya ni ya watoto," alisema. "Mimi si mgonjwa."

"Hata mwenye pombe si mgonjwa," mzee akajibu. Watu wakaguna.

"Mganga aonje."

"Mganga hakwenda Kirando. Wewe ndiwe mtetezi wa maziwa haya. Onja, ndugu yetu."

Alichukua kata. Juu ya maziwa kulikuwa na utando, umekunjana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Aliutazama muda mrefu mno. Akafumba macho, akanywa, koo likapanda likashuka. Akafumbua macho, akajaribu kutabasamu.

Kisha akatapika. Sitapunguza neno. Alitapika kwenye viatu vyake, kwenye suruali, kwenye leso ile nyeupe aliyojaribu kuziba nayo mdomo, yakatokea puani. Alipiga magoti akatapika tena, sauti ikiwa kama ya ng'ombe anayeita ndama. Harufu ikatufikia.

Mwanamke mmoja akapiga kelele: "Mmeona! Mmeona kwa macho yenu!"

Na kweli tuliona. Swali lake la tatu lilikuwa limejibiwa na tumbo lake mwenyewe. Kina mama waliinuka, wakaburuta watoto. Pipa lilipinduliwa. Mbwa wa mwenyekiti alikuja akalamba matope yale mpaka yakaisha, na kesho yake alikuwa akibweka kama kawaida, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama mbwa. Mama alimwaga kikombe chake taratibu, ardhini, kati ya miguu yake. Yustina alifuata maziwa kwa macho. Hakunyoosha mkono. Alikuwa hana nguvu ya kunyoosha mkono.

Siku zilizofuata mtoto hakuchukua hata uji. Ngozi ya miguu ilianza kubambuka kama ya kiazi kilichochemshwa. Mama alikuwa anamkanda, anaomba, anamkanda. Bibi, mama yake baba, alikaa pembeni akivuta kiko, akimtazama mkwewe.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Bwana Afya alikuwa amesimama uani kwa katekista. Suruali ilikuwa imefuliwa, alama zilibaki. Watoto waliigiza kutapika. Aliwaacha wamalize.

"Mlinionjesha," alisema. "Naomba mnionjeshe tena."

Mke wa katekista alileta ng'ombe wake mbele ya watu wote. Ng'ombe yule alijulikana kijiji kizima. Mtindi wake uliliwa nyumba nyingi. Akakamuliwa pale pale, maziwa yakitoa mvuke katika baridi. Bwana Afya alishika kata kwa mikono miwili.

"Tangu utotoni sijaweza kumeza maziwa," alisema. "Ya ng'ombe, ya mbuzi, ya unga, yote. Utando ule ukigusa ulimi wangu, roho inatoka. Nilipaswa kuwaambia siku ile. Niliona aibu. Bwana Afya asiyeweza maziwa ni kama padri asiyejua Baba Yetu. Sasa nitazameni vizuri."

Akanywa maziwa ya ng'ombe wa katekista, na akayatapika yote, kwa sauti ile ile, kwenye viatu vile vile.

Kicheko kilianzia nyuma kwa wanaume, kikaja mbele. Yeye alikuwa bado amepiga magoti, kamasi zinaning'inia. "Haya semeni," alisema akihema. "Semeni ng'ombe wa katekista ametiwa dawa."

"Hatujui," fundi akasema. "Huenda wakubwa wamewafikia hata ng'ombe."

"Fundi!" Baba akamkatiza. "Ng'ombe huyu ndiye aliyekunywesha mtindi juzi ukaomba uongezewe. Tumbo lako limekauka?"

Walicheka hata fundi akacheka. Lakini nilimwona akimnong'oneza mtu, na mtu yule akiitikia kwa kichwa. Kuna hofu ambayo ukiikata mguu huu inasimama kwa ule. Kicheko kile nacho kinanichukiza nikikikumbuka. Tulihitaji mtu ajidhalilishe mara mbili ndipo wachache wetu tufikiri mara moja.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Alitoa kiko mdomoni. "Tapishi lake ni lake," alisema. "Mtoto ni wetu. Leteni huo unga."

Bwana Afya aliinuka kama aliyechomwa. "Maji! Maji yamechemka? Msichukue ya mtoni! Mnaogopa unga ambao haujaua mtu, hamyaogopi maji yanayowazika kila masika!" Alitufuata mpaka nyumbani, akasimama kando ya chungu mpaka kikachemka, akinung'unika, uso ameugeuzia ukutani ili asinuse. Bibi alikoroga, akachota, akanywa mbele ya Mama, akafungua mdomo kuonyesha amemeza. Kisha akampa Yustina kidogo kidogo, kama mtu anayelisha kifaranga.

Yustina alianza kulia siku chache baadaye. Kilio kile cha njaa na hasira ndiyo sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia.

Jirani yetu upande wa mashariki alikataa. Alisema Bibi ni mzee, tumbo lake halina cha kukauka. Mtoto wake alizikwa kabla ya mvua. Baada ya mazishi Baba alimwambia Bwana Afya, "Angekunywa angepona." Nilimtegemea akubali. Nilitaka akubali. Alitazama kaburi, akasema, "Sijui. Alikuwa na surua mbaya kuliko wa kwako. Sijui." Nilimchukia kwa neno lile. Lingekuwa rahisi sana kusema ndiyo, na lingetufaa.

Alihamishwa baadaye. Mimi nikaolewa, nikaja kukaa mjini Sumbawanga, na mtoto hakuja. Miaka ya kwanza ya ndoa nilikuwa na kibuyu kikavu tumboni na cherehani masikioni. Nilijua hoja zote. Nilijua habari ya ng'ombe wa katekista kuliko sala zangu. Usiku ukiisha nilikuwa bado najiuliza: na kama fundi alisema kweli, kwa bahati tu? Mawifi walipouliza nilikula nini utotoni, nilitaja ugali na maharage.

Nilipomwona tena Bwana Afya nilikuwa na binti yangu mgongoni. Ilikuwa ni wakati ule wa maduka matupu, sabuni kwa foleni. Alikuwa amekaa kwenye benchi katika baraza la duka moja la familia ya Waislamu, amestaafu, amekonda, meno yamepungua. Alitema mate nikamtambua kabla sijaona uso.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Wewe ni wa yule mama wa sufuria."

Nilimfungua mtoto, nikampakata mbele yake. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu kwa miaka, nimeyasahihisha, nimeyapiga pasi. "Nilikunywa maziwa yale shuleni. Kila siku. Na huyu hapa. Fundi alisema uongo."

Alimtazama mtoto kwa ile pua yake. Akamfuta kamasi kwa kona ya leso. "Mzuri," alisema. "Lakini hathibitishi kitu."

Nilihisi uso ukiwaka. "Hathibitishi vipi?"

"Mtu mmoja ametapika, mkasema maziwa ni sumu. Mtu mmoja amezaa, unasema si sumu. Ni kosa lile lile, limevaa kanga mpya. Uliza wote waliokunywa, uliza na wote wasiokunywa. Halafu njoo uniambie."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kulia, na sikujua kwa nini, mpaka nikasikia mdomo wangu ukiuliza swali ambalo sikulipiga pasi.

"Na kama nisingezaa?"

Alipangusa midomo. Aliikunja leso.

"Ungekuwa mwanamke asiyezaa," alisema. "Wako wengi, tangu kabla maziwa ya unga hayajabuniwa. Kisingekuwa kikombe, na usingekuwa wewe."

Nilikaa kwenye benchi kando yake. Miaka yote ile hakuna aliyeniambia hivyo.

"Yule mdogo wako?" aliuliza.

"Yustina? Yupo shule. Ananizidi urefu."

"Hilo nalo halithibitishi kitu," alisema, lakini mdomo ulimcheza pembeni.

Mke wa mwenye duka alitutolea chai, ya maziwa, kwa heshima ya mzee na mtoto. Ilikuwa ya moto. Utando ulikuwa umeanza kujikunja juu. Alikisukuma mbali kikombe chake kwa kidole kimoja, uso ukikunjamana kuanzia paji hadi kidevu, akanisogezea mimi.

"Kunywa, mama, unanyonyesha," alisema, akiwa amegeukia barabarani ili asione. "Maziwa yenyewe ni mazuri."